Steve McManaman: winga aliyeondoka bure, kisha akagoma kuondoka

Mei 11, 2025, Anfield. Liverpool wameshatwaa ubingwa wa England, mgeni ni Arsenal, na uwanja mzima umekuja kusherehekea. Kipindi cha pili Trent Alexander-Arnold, mtoto wa mji uleule, anaingia akitokea benchi. Sherehe inakatika. Kila akigusa mpira anazomewa na watu waliokuwa wakimwimba jina tangu akiwa kijana mdogo. Kosa lake ni kwamba mkataba wake unaisha Juni na ameshatangaza kuwa haongezi. Kila mtu anajua anaelekea Real Madrid.

Wiki ile jina la mtu mwingine lilirudi midomoni. Steve McManaman naye alizaliwa Liverpool, naye alisubiri mkataba umalizike, naye alikwenda Real Madrid, ila yeye ilikuwa 1999. Vijana wa leo wanamjua kama yule mchambuzi wa televisheni mwenye lafudhi nzito ya kwao. Wenye umri mkubwa kidogo, ukiwauliza kwenye kibanda umiza, watakugawia moja ya hukumu mbili: alikuwa na kipaji lakini alipotelea Hispania, au alikuwa msaliti aliyeiachia klabu yake mikono mitupu.

Alicheza Madrid misimu minne. Alirudi na makombe mawili ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na mawili ya ligi ya Hispania. Mtu "aliyepotea" na mizigo ya namna hiyo anahitaji maelezo, na maelezo yenyewe nayaona kwenye karatasi zaidi kuliko miguuni. Mkataba ndio uliomtoa Liverpool na mkataba ndio uliombakiza Madrid. Ila tuanze na miguu.

Winga wa kuzurura

McManaman alizaliwa Februari 11, 1972 na kukulia Bootle, kaskazini mwa jiji, katika nyumba ya mashabiki wa Everton. Shuleni alikuwa hodari wa mbio za nyika. Ishike hiyo ya mbio za nyika, tutaihitaji mbele. Everton walimtaka, lakini Liverpool ya Kenny Dalglish ilikuja na ahadi ya muda mrefu zaidi, na mtoto wa nyumba ya bluu akavaa nyekundu. Mechi yake ya kwanza ya kikosi cha wakubwa ilikuwa Desemba 15, 1990, alipoingia badala ya Peter Beardsley dhidi ya Sheffield United. Nayo tarehe hiyo ishike.

Alikuwa mwembamba, nywele za mawimbi, miguu kama njiti za kiberiti. Hakuwa na mbwembwe za kuzungusha mguu juu ya mpira mara tatu huku beki akitazama. Kazi yake ilikuwa moja, nayo Kiswahili kina neno lake zuri sana: kukokota. Alikuwa anauchukua mpira katikati ya uwanja na kukimbia nao mita thelathini, arobaini, umeganda mguuni, mwili ukiyumba kidogo huku na kidogo kule, na mabeki wakirudi nyuma kinyumenyume kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia mguu.

Mfano wa karibu ni Septemba 1997, Glasgow, Kombe la UEFA dhidi ya Celtic. Liverpool wako nyuma 2-1 na dakika zinayoyoma. McManaman anaupata mpira upande wa kulia akiwa nusu ya uwanja wake mwenyewe. Anaanza kukokota kwa mshazari kuelekea katikati, anampita mtu, anampita mwingine, na kila hatua unaona kwamba Celtic wanasubiri apige pasi. Hapigi. Anafika karibu na eneo la kumi na nane mbele ya goli, anapiga shuti, wavu unatikisika, 2-2. Marudiano yakaisha bila bao na Liverpool wakasonga kwa faida ya mabao ya ugenini. Ukiitazama leo, kinachoshangaza ni pumzi kuliko ufundi. Ni dakika za lala salama, na yeye anakimbia kama ndiyo kwanza filimbi imepulizwa. Zile mbio za nyika.

Wembley alikuwa ameshaizoea. Katika fainali ya Kombe la FA 1992, akiwa na miaka 20, alimtengenezea Michael Thomas bao la kwanza katika ushindi wa 2-0 dhidi ya Sunderland na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Miaka mitatu baadaye, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Bolton iliisha 2-1 na mabao yote mawili ya Liverpool yalikuwa yake, yote ya kukokota na kupiga. Sir Stanley Matthews, babu wa mawinga wote wa England, alikuwepo uwanjani siku hiyo, na magazeti hayakukosa cha kulinganisha.

Hapo katikati kuna jambo ambalo ndilo chanzo cha ubishi wote. Roy Evans, aliyepewa timu Januari 1994, aliamua kucheza na mabeki watatu wa kati na kumwondoa McManaman pembeni. Hakumpa kazi ya namba kumi, yule mchezeshaji wa nyuma ya straika, wala ya winga. Alimpa ruhusa ya kuzurura. Popote palipo na nafasi, nenda. Kwa miaka miwili mitatu Liverpool ilikuwa timu tamu kuliko zote za kutazama England, na mchezo wote ulipitia kwa huyu bwana asiyekuwa na anwani. Wapinzani wakajifunza. Wakaanza kumbandikia mtu mmoja kama ruba, amfuate hadi akienda kunywa maji, na McManaman akibanwa, Liverpool nzima inakosa hewa.

Takwimu zake Liverpool ni mechi 364 na mabao 66. Kwa wanaohesabu mabao tu, hiyo ni haba kwa mtu mwenye uhuru wote ule. Malalamiko hayo yalimfuata kazi nzima, na sitayakataa: alipofika mbele ya goli, mara nyingi aliupeleka mpira mikononi mwa kipa kwa upole wa kutia huruma.

Halafu zikaja zile suti. Fainali ya Kombe la FA 1996, wachezaji wa Liverpool wakashuka Wembley na suti za rangi ya krimu za Armani, miwani myeusi, utadhani wanakwenda harusini Forodhani. Manchester United wakawafunga 1-0, bao la Eric Cantona. Baadaye wakabandikwa jina la Spice Boys, kwa kufuatisha lile kundi la wasichana waimbaji. Kwa Kiswahili utani huo ungenoga maradufu, maana "spice" ni viungo, na viungo ni vya pilau na viungo ni wa katikati ya uwanja. McManaman na Robbie Fowler ndio waliobebeshwa zaidi. Wawili hao walikuwa pia na farasi wa mbio, na kwa utundu wao wakawapa farasi majina ambayo kwa lugha yetu ni "Farasi Fulani" na "Farasi Mwingine", ili mtangazaji wa mbio ateseke. Ni vichekesho vya vijana wenye hela. Lakini England ilikwishamuweka kwenye fungu la wasio makini, na fungu hilo ni gumu kutoka.

Kipande cha sabuni majini

Sasa twende kwenye karatasi. Kuelewa kwa nini McManaman aliondoka bila Liverpool kupata hata senti, lazima urudi kwa Mbelgiji mmoja ambaye hakuwahi kuwa staa.

Jean-Marc Bosman alikuwa akichezea RFC Liège ya Ubelgiji. Mwaka 1990 mkataba wake ukaisha. Klabu ikampa mpya wenye mshahara mdogo mno, faranga 30,000 kwa mwezi badala ya 120,000. Akakataa, akataka kwenda Dunkerque, Ufaransa. Liège wakasema sawa, lakini tulipwe. Hapo ndipo penye kichekesho cha sheria ya zamani: mkataba umeisha, mshahara huo hakuna, lakini mchezaji bado ni mali ya klabu. Ili asajiliwe nchi nyingine alihitaji cheti cha uhamisho, na bila klabu kuridhika, cheti hakitoki. Ni kama mwenye nyumba ambaye kodi yako imeisha, amekufungia maji, lakini hakuruhusu uhame mpaka mwenye nyumba mpya amlipe.

Bosman akaenda mahakamani. Ilichukua miaka mitano. Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg, ikatoa hukumu yenye vipande viwili. Cha kwanza: mchezaji raia wa Umoja wa Ulaya ambaye mkataba wake umeisha ana haki ya kwenda klabu ya nchi nyingine mwanachama bila ada yoyote, kwa sababu yeye ni mfanyakazi kama mwashi au muuguzi, na Mkataba wa Roma unampa mfanyakazi uhuru wa kuvuka mpaka. Cha pili: ni marufuku kuweka idadi ya juu ya wageni kwa raia wa nchi hizo. Kabla ya hapo, mashindano ya Ulaya yaliruhusu wageni watatu tu na wengine wawili waliolelewa nchini humo, na kwa klabu za England hata Mskoti na Mwelisi walihesabiwa wageni. Ndiyo maana Novemba 1994 Manchester United walimwacha nje kipa wao Mdenishi, Peter Schmeichel, wakaenda Camp Nou kwa Barcelona kupigwa 4-0.

Hukumu ilisomwa Desemba 15, 1995. Miaka mitano kamili, siku kwa siku, tangu McManaman aingie uwanjani kwa mara ya kwanza.

Angalia sasa hesabu inavyobadilika. Zamani klabu ingeweza kuacha mkataba uishe na bado ikadai ada, kwa hiyo thamani ya mchezaji haikuwa na tarehe ya mwisho. Baada ya Bosman, thamani ya mchezaji ikawa kama kipande cha sabuni ndani ya beseni. Miaka mitatu imebaki, bado kinene. Mmoja umebaki, kinateleza mkononi. Miezi sita ya mwisho mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na klabu ya nje na hata kusaini mapema, na hapo kilichobaki ni povu. Klabu ina njia tatu tu: ongeza mkataba mapema, uza mapema, au kubali hasara.

Liverpool walijaribu kuuza. Agosti 1997, mkataba ukiwa umebakiza miaka miwili, walikubali pauni milioni 12 za Barcelona. McManaman akapanda ndege. Alipofika, dili halikufungwa, na Barcelona wakamchukua Rivaldo kutoka Deportivo La Coruña. Akarudi nyumbani na begi lake. Tujiulize mtu anajifunza nini kwenye safari kama hiyo. Klabu uliyolelewa imekwishakubali kukuuza kwa bei, na klabu inayokutaka imekwishakutumia kama kipimo cha kumfikia mwingine. Mimi ningekuwa yeye, mazungumzo yoyote ya mkataba mpya baada ya hapo ningeyasikiliza kwa sikio moja.

Hakusaini tena. Mapema 1999 Real Madrid wakatangaza wamemalizana naye, na kiangazi akavuka akiwa mchezaji huru, umri miaka 27. Ndani ya England yenyewe wakati huo uhuru kamili ulikuwa wa waliofikisha umri wa miaka 24, lakini yeye alivuka mpaka, kwa hiyo Bosman ilimbeba moja kwa moja. Na hela zile milioni 12 hazikuyeyuka hewani. Klabu isiyolipa ada ina nafasi ya kumpa mchezaji mshahara mnono zaidi na zawadi ya kusaini. Kilichokuwa cha klabu kinahamia mfukoni mwa mchezaji. Hapo ndipo hasira ya Anfield ilipo, 1999 na 2025: klabu imemlea mtu tangu mtoto, na siku ya mavuno shamba ni la mwingine. (Kwa Alexander-Arnold Madrid walilipa kiasi kidogo, lakini ni kwa ajili ya kumwahisha kwenye Kombe la Dunia la Klabu kabla mkataba haujaisha. Ni kama kulipia dereva aondoe gari mapema.)

Kanuni hii haikubaki Ulaya. FIFA iliingiza misingi yake kwenye kanuni za uhamisho za 2001, na ndiyo hiyohiyo inayofanya kila Juni mtu wa Dar es Salaam asikie mchezaji kipenzi "amemaliza mkataba" na kesho yake yuko na jezi ya watani.

Kutoka namba saba hadi namba nane

Wazee wetu wa mpira walitaja nafasi kwa namba. Saba ni winga wa kulia, kumi na moja wa kushoto, nane ni kiungo anayepanda na kushuka. Liverpool, McManaman alimalizia na namba saba mgongoni. Madrid namba saba ilikuwa ya Raúl, hilo halikuwa na mjadala. Yeye akapewa nane. Ni bahati tu ya stoo ya jezi, lakini kwa msomaji wa Kiswahili namba hiyo inasema kila kitu.

Alifika kwenye nyumba yenye fujo. Kocha alikuwa John Toshack, straika wa zamani wa Liverpool, na ilipofika Novemba alikuwa ameshafukuzwa, akaja Vicente del Bosque. Kiangazi hichohicho Madrid walimnunua Nicolas Anelka kutoka Arsenal kwa pauni zaidi ya milioni 22. Kwa hiyo kwenye kikosi kimoja kulikuwa na aliyekuja kwa bei ya kutisha na aliyekuja bure, wote wawili kutoka ligi moja. Msimu ukaenda vibaya kwenye ligi ya nyumbani. Madrid walimaliza wa tano.

Ulaya ilikuwa hadithi nyingine. Del Bosque akaamua kucheza na mabeki watatu wa kati, Iván Helguera akishuka kusimama nao, Míchel Salgado na Roberto Carlos wakipanda pembeni. Katikati akabaki Fernando Redondo na mtu wa kumsaidia kukimbia. Mtu huyo alikuwa McManaman. Aliyekuwa akizurura Liverpool sasa alikuwa anaziba matundu: Roberto Carlos akipanda, yeye anakwenda kushoto, Redondo akipanda, yeye anabaki. Aprili 2000 walikwenda Old Trafford wakawatoa mabingwa watetezi, Manchester United, kwa 3-2. Watu wanakumbuka kisigino cha Redondo kabla ya bao la tatu, na wana haki. Wachache wanakumbuka nani alikuwa jirani yake usiku ule.

Mei 24, fainali, Stade de France, dhidi ya Valencia. Ilikuwa mara ya kwanza timu mbili za nchi moja kukutana fainali ya kombe hilo. Fernando Morientes amefunga la kwanza. Dakika ya 67 Roberto Carlos anarusha mpira mrefu kutoka upande wa kushoto. Beki wa Valencia anauokoa kwa kichwa, unatoka nje ya eneo la hatari ukiwa juu. McManaman yuko peke yake ukingoni. Mpira unashuka, si wa kutuliza, si wa kuacha. Anaegemea nyuma, mwili unakaribia kulala hewani, mguu wa kulia unapanda na kuuunganisha kabla haujagusa nyasi. Kipa Cañizares anaruka, umeshapita. 2-0. Raúl akaongeza la tatu. Winga asiyejua kufunga alikuwa amefunga moja ya mabao mazuri ya fainali hizo, na akawa Mwingereza wa kwanza kutwaa Kombe la Ulaya akiwa na klabu isiyo ya kwao. Kevin Keegan alishindwa kwenye fainali akiwa na Hamburg 1980, Laurie Cunningham akashindwa akiwa na Madrid hiyohiyo 1981.

Na kombe hilo ndilo lililookoa msimu, maana bila kulishinda Madrid wasingecheza Ligi ya Mabingwa mwaka uliofuata. Zaragoza, waliomaliza wa nne, ndio waliolipa gharama: nafasi yao ikaenda kwa bingwa.

Ungedhani mtu kama huyo atajengewa sanamu. Wiki chache baadaye klabu ikafanya uchaguzi wa rais. Lorenzo Sanz, aliyekuwa na makombe mawili ya Ulaya ndani ya miaka mitatu, akashindwa na Florentino Pérez, aliyewaahidi wanachama Luís Figo kutoka Barcelona. Figo akaja kwa ada iliyovunja rekodi ya dunia. Redondo akauzwa Milan. Anelka akauzwa Paris Saint-Germain. McManaman akaambiwa waziwazi kwamba hayumo kwenye mipango na atafute timu.

Hapa ndipo hukumu ya Bosman inapogeuka upande wa pili, upande ambao mashabiki hawauzungumzi. Watu hudhani sheria ile ni ya kuondoka. Kwangu, ujumbe wake ni kwamba tarehe za mkataba ziheshimiwe na pande zote. Ukiisha, klabu haiwezi kukushika. Usipoisha, klabu haiwezi kukutupa. McManaman alikuwa na mkataba hai, alipenda Madrid, alikuwa anajifunza lugha, alikwishazoea kula chakula cha jioni saa nne usiku. Akasema haendi popote.

Na kuna jambo la kimahesabu ambalo nadhani lilimponza. Mchezaji aliyenunuliwa kwa mamilioni ana mlinzi: yule aliyesaini hundi hataki aonekane mjinga, kwa hiyo atataka achezeshwe. Mchezaji wa bure hana mlinzi. Rais mpya akimuuza, kila pauni inayoingia ni faida tupu. Bure ilimpa mshahara, na bure hiyohiyo ikamfanya awe wa kwanza kuwekwa sokoni.

Akafanya mazoezi, akanyamaza, akasubiri. Wachezaji wenzake walimpenda, hilo kila aliyekuwa kwenye chumba kile amelisema. Del Bosque, mzee wa busara asiyependa kelele, akaanza kumrudisha taratibu, maana timu iliyojaa mastaa wa kushambulia ilihitaji mtu wa kukimbia kwa niaba yao. Msimu ukaisha na ubingwa wa ligi. Mashabiki wa Madrid pale uwanja wa Bernabéu, ambao hawana huruma na mtu, wakamkubali.

Kwa Kiswahili cha mpira mtu huyu tunamwita kiraka. Neno hilo lina heshima na kejeli ndani yake. Kiraka anaziba popote, kulia, kushoto, katikati. Kocha hawezi kuishi bila yeye, lakini hakuna anayenunua jezi yenye jina lake. McManaman alianza kazi akiwa mtu ambaye timu nzima ilipangwa kumzunguka yeye, akaimaliza akiwa mtu anayejipanga kuwazunguka wengine, na nadhani alicheza vizuri zaidi katika hali hii ya pili. England haikuona, kwa sababu ilikuwa bado inamtafuta winga.

Aprili 23, 2002, mechi ya kwanza ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Camp Nou. Zinedine Zidane ameshafunga moja. Dakika za nyongeza, Barcelona wote wamepanda kutafuta la kusawazisha, na McManaman, aliyetokea benchi, anatoroka peke yake kuelekea kwa kipa Roberto Bonano. Kipa anatoka. McManaman haharakishi. Anauchota mpira kwa ncha ya kiatu na kumvisha kanzu, unadunda taratibu hadi wavuni, 2-0. Klabu ile iliyomrudisha na begi lake 1997, uwanja uleule. Madrid wakaenda fainali Glasgow, wakaifunga Bayer Leverkusen 2-1 kwa ile voli ya Zidane. McManaman aliingia kipindi cha pili. Aliyempisha alikuwa Figo.

Alicheza mechi 158 Madrid na kufunga 14. Akaongeza ubingwa mwingine wa ligi 2003, kisha, kiangazi ambacho David Beckham aliwasili, akarudi England kuungana na Fowler na kocha Kevin Keegan pale Manchester City. Huko hakuna cha kusimulia sana. Majeraha, benchi, mechi 35 za ligi bila bao. Mwaka 2005 akatundika daluga.

Timu ya taifa

Limebaki fundo la jezi nyeupe ya England. Mechi 37 na mabao 3 tu, kati ya 1994 na 2001, kwa mtu mwenye makombe yale, zinaonekana chache.

Kocha aliyemwelewa alikuwa Terry Venables. Kwenye Euro 96 McManaman alikuwa wa kuanza, na nusu fainali dhidi ya Ujerumani alicheza dakika zote 120, kama wenzake wote kumi, maana Venables hakubadilisha mtu hata mmoja usiku ule. Kisha Glenn Hoddle akaja na mfumo ambao haukuwa na nafasi ya mzururaji. Kombe la Dunia 1998 alimpa dakika chache tu dhidi ya Colombia. Keegan alimrudisha, na Euro 2000 akafunga la pili dhidi ya Ureno, England wakiongoza 2-0. Akaumia, akatoka, na wakafungwa 3-2. Wa kwanza kuanza kurudisha mabao upande wa Ureno alikuwa, nani tena, Figo.

Tatizo la England wakati huo lilikuwa upande wa kushoto. Taifa zima lilikuwa linatafuta mtu wa kushoto. Sven-Göran Eriksson alimjaribu McManaman kidogo; mara ya mwisho ilikuwa Oktoba 2001 Old Trafford dhidi ya Ugiriki, aliingia kutoka benchi kwenye mechi ile ambayo Beckham aliiokoa kwa faulo ya dakika za mwisho. Ilipofika Mei 2002, kikosi cha Kombe la Dunia kikatajwa bila jina lake. Mwezi huohuo alikuwa Hampden Park, Glasgow, akipokea medali yake ya pili ya ubingwa wa Ulaya.

Kule Japani, upande wa kushoto wa England walicheza Emile Heskey, ambaye ni straika, na Trevor Sinclair, aliyeitwa baada ya Danny Murphy kuumia.